Vidonge 420: Ukiandikiwa Steroidi kwa Kongosho Lililovimba

Swali huja kwa sura moja, na mara nyingi huletwa na mke au binti, mgonjwa mwenyewe kabaki nyumbani. Karatasi ya daktari inawekwa juu ya kaunta na kidole kinagusa namba. "Prednisoloni, vidonge vinane, kutwa mara moja. Vinane kwa mkupuo? Kweli hajakosea?"

Hajakosea. Kidonge cha prednisoloni kilichozoeleka madukani kina miligramu 5, na dozi ya kuanzia kwa kongosho linaloshambuliwa na kinga ya mwili ni miligramu 30 hadi 40 kwa siku. Nane mara tano, arubaini. Ila vidonge vinane huwa ni hodi tu. Nyuma yake yapo maswali mengine kumi, na mimi nikiwa kazini upande wa Darajani, foleni imefika barazani, sina wasaa wa kuyajibu yote. Ndiyo maana naandika.

Maradhi haya ni nadra. Dawa yake si nadra: ndiyo hiyo hiyo anayopewa mwenye pumu iliyochachamaa, mwenye baridi yabisi, mwenye figo zinazovujisha protini. Hata kama kongosho lako ni zima, huenda nusu ya haya yakakufaa.

Tuelewane kwanza ni ugonjwa upi

Kongosho limelala nyuma ya mfuko wa chakula. Hutoa insulini, hutoa na maji ya kusagia chakula. Kinga ya mwili ikilidhania adui, linavimba, linabana mfereji wa nyongo unaopita kwenye kichwa chake, na nyongo inarudi kwenye damu. Madaktari wa Japani waliupa ugonjwa huu jina lake mwaka 1995, na mwaka 2001 wakaonesha kwamba wagonjwa wengi wana wingi wa kingamwili iitwayo IgG4. Aina hiyo ya IgG4 huwapata zaidi wanaume waliovuka miaka 50, na huweza kuingia tezi za mate, figo na mifereji ya nyongo. Ipo aina ya pili inayowapata walio na umri mdogo zaidi, mara nyingine pamoja na maradhi ya utumbo mpana.

Yanayowaleta watu hospitali ni haya:

- macho na ngozi kugeuka manjano, mara nyingi bila maumivu makali;
- mkojo mweusi kama kahawa ya barazani, na choo kilichopauka kama chokaa;
- kuwashwa mwili mzima, khasa usiku;
- kukonda, au sukari kupanda ghafla kwa mtu asiyekuwa na kisukari.

Nitoke njiani kidogo. Kwetu "homa ya manjano" ni jina la vitu viwili: ugonjwa wa virusi unaoletwa na mbu, na hali yoyote ya macho kuwa manjano. Ukifika mapokezi ukasema "nina homa ya manjano", utaulizwa safari zako na kama umechanjwa, na nusu saa imepotea. Sema: "Macho yangu yamekuwa manjano tangu siku fulani, mkojo ni mweusi, choo ni cheupe." Hapo umeshamwambia daktari kwamba nyongo imezibwa.

La pili la pembeni ni aibu. Watu wamesikia kwamba kongosho huharibiwa na pombe, na ni kweli ipo aina hiyo. Hii siyo. Nimewaona wazee wa watu, wenye sijda usoni, wanaficha jina la ugonjwa wao kwa kuogopa maneno ya mtaani. Usifiche. Anayehitaji kujua ni daktari, na asiyejua hawezi kukutibu.

Usimeze kidonge kabla ya swali hili: si saratani?

Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu. Saratani ya kongosho huja kwa sura hii hii: mtu mzima, macho manjano, hakuna maumivu, uzito unashuka. Yapo makosa mawili, na yote yana gharama. La kwanza ni mtu kupasuliwa upasuaji mkubwa kwa uvimbe ambao vidonge vingeuondoa. La pili ni mtu mwenye saratani kupewa steroidi, akapoteza wiki ambazo angeweza kupasuliwa.

Muulize daktari wako maswali haya kabla hujaondoka chumbani kwake:

- Picha ya CT inaonesha nini? Kongosho lililovimba lote, nene, kingo zake laini kama mhogo uliomenywa, linaelekea kwenye ugonjwa wa kinga. Uvimbe wa sehemu moja tu, na mfereji wa nyuma yake umetanuka, unatia shaka ya saratani.
- Kipimo cha IgG4 kimefanywa? Kikizidi mara mbili ya kiwango cha juu cha kawaida kina uzito. Kikizidi kidogo tu, hakitoshi: karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi wa saratani ya kongosho naye kiwango chake huwa juu kidogo. Na kikiwa cha kawaida hakifuti kitu, maana aina ya pili huwa hainyanyui IgG4.
- Kuna kiungo kingine kilichovimba? Tezi chini ya taya, figo, mfereji wa nyongo ndani ya ini?
- Inawezekana kuchukua kinyama kwa sindano kupitia mpira wa kamera, kikapimwe?

Si yote yatakayomalizikia Unguja. Njia ya kawaida ni kuanzia Mnazi Mmoja, kisha rufaa ya kuvuka kwenda Dar es Salaam, Muhimbili au hospitali nyingine yenye kamera ya aina hiyo. Watu hunung'unika: nauli ya boti, mahali pa kulala, mtu wa kukusindikiza. Najua. Lakini kama kuna pesa ya kutumika mara moja katika ugonjwa huu, itumike hapa. Vidonge vyenyewe ni katika dawa rahisi kabisa dukani; kilicho ghali ni uhakika.

Na bima au mfuko unaokulipia, uliza mapema ni kipimo gani unachokibeba na kipi hakibebi. Usisubiri dirishani.

"Tujaribu steroidi, tuone"

Jaribio la steroidi lipo, na ni halali, lakini lina masharti. Hufanywa na daktari aliyekwishaitafuta saratani akaikosa. Huchukua kama wiki mbili. Mwisho wake ni picha mpya, na kongosho lazima lionekane limenywea. Lisiponywea, jaribio limefeli, na mjadala wa upasuaji unarudi mezani siku hiyo hiyo.

Neno ninalolipigia mstari ni *picha*. Kujisikia vizuri si ushahidi. Steroidi humfanya karibu mtu yeyote ajisikie vizuri: hamu ya kula inarudi, uchovu unaondoka, hata mwenye saratani atakwambia ameona nafuu. Mzee mmoja wa Malindi, nahodha mstaafu, siku ya tano ya vidonge alitoka kwa miguu mpaka Forodhani na kurudi, akala samaki mzima. Familia ikafuta safari ya Dar. "Macho yameshakuwa meupe, bwana, picha ya nini tena?" Wakasahau kwamba kabla ya vidonge alikuwa ametiwa mrija wa plastiki kwenye mfereji wa nyongo. Macho yaliyasafisha mrija. Nilimwambia mwanawe akate tiketi ya boti ya kesho yake. Alikasirika, akakata. Picha ilikuwa njema, na hiyo ilikuwa riziki yake.

Mrija nao, kama umewekewa, una siku zake. Wa plastiki kwa kawaida hutolewa au kubadilishwa baada ya miezi kama mitatu. Ukisahauliwa huziba, na kuziba kwake huja na homa ya kutetemeka. Andika tarehe uliyowekewa.

Vipimo kabla ya kidonge cha kwanza

Steroidi hulaza kinga. Kinga ikilala, yaliyojificha mwilini huamka. Kabla ya kuanza, pimwa:

- homa ya ini B, hata kama hujawahi kuumwa ini; kirusi kilicholala kinaweza kuzuka na kuliangusha ini;
- kifua kikuu: eleza kikohozi chochote, na mtu yeyote wa nyumbani aliyewahi kutumia dozi ya TB;
- VVU;
- sukari na presha, upate namba za kulinganishia baadaye;
- macho, kama una mtoto wa jicho au presha ya macho;
- minyoo aina ya strongiloidi.

Huyo wa mwisho nitamkalia, kwa sababu ndiye anayesahauliwa, na ni mkaazi wa visiwa vyetu. Strongiloidi huingia kwa ngozi ya mguu unaokanyaga udongo wenye unyevu, na akishaingia hujizalisha mwenyewe ndani kwa ndani, miaka na miaka, bila mtu kuhisi zaidi ya kuwashwa au tumbo la hapa na pale. Mtu aliyelima mpunga ujanani anaweza kuwa naye mpaka uzeeni. Chini ya steroidi nyingi, minyoo hawa huzaana bila breki, hutoboa utumbo na kuingia mapafuni na kwenye damu, na hapo kufa ni rahisi.

"Lakini mimi nimekunywa dawa ya minyoo." Ipi? Kidonge kimoja cha albendazoli, kile wanachogawiwa watoto skuli, kinafanya kazi nzuri kwa minyoo mingine. Kwa huyu hakitoshi. Dawa yake ni ivermektini, kwa dozi inayopimwa kwa uzito. Choo kupimwa mara moja nacho humkosa mara nyingi. Mwambie daktari: "Nimekulia shamba, nimetembea pekupeku, unipime au unitibu strongiloidi kabla ya steroidi." Sentensi hiyo moja inaweza kuwa na thamani kuliko makala yote haya.

Namna ya kumeza

- Meza vyote kwa pamoja asubuhi, baada ya chai, tumbo likiwa na kitu. Saa moja au saa mbili asubuhi ni wakati mzuri, maana ndipo mwili wenyewe hutoa homoni yake ya aina hii.
- Usigawe vinne asubuhi vinne usiku kwa kuona vinane ni vingi. Vya usiku vitakukesha.
- Ukisahau na ukakumbuka siku hiyo hiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake, endelea na dozi ya siku hiyo, usijazie.
- Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi. Ukitapika tena, nenda hospitali.

Ramadhani

Swali hili huanza mwezi wa Rajabu. Jibu linategemea uko wiki gani. Mtu aliye kwenye dozi kubwa za mwanzo, au ambaye sukari yake imepanda na anadungwa insulini, asifunge kabla daktari hajaridhia. Ruhusa ya mgonjwa ipo kwenye dini yenyewe, na atalipa akipona. Kama maradhi hayana matumaini ya kuondoka, ipo fidia. Aliyeshuka kwenye dozi ndogo, sukari imetulia, daktari akaridhia, ahamishie vidonge kwenye daku, pamoja na chakula kamili, si tende na maji tu.

Kosa ninaloliona ni mtu anayefunga kimyakimya na kuruka vidonge mwezi mzima kwa kuwa "havikai na swaumu". Afunge asifunge, asikose dozi.

Hesabu ya vidonge

Chukua mpango mmoja unaotumika sana, ule wa Mayo Clinic ya Marekani: miligramu 40 kwa wiki nne, kisha kupunguza miligramu 5 kila wiki. Kwa vidonge vya miligramu 5 ni hivi:

- wiki ya 1 hadi ya 4: vidonge 8 kila siku, jumla 224
- wiki ya 5: vidonge 7 kila siku, jumla 49
- wiki ya 6: vidonge 6, jumla 42
- wiki ya 7: vidonge 5, jumla 35
- wiki ya 8: vidonge 4, jumla 28
- wiki ya 9: vidonge 3, jumla 21
- wiki ya 10: vidonge 2, jumla 14
- wiki ya 11: kidonge 1, jumla 7

Jumla kuu ni 420, kwa wiki 11. Mpango wako unaweza kuwa tofauti. Wajapani hupunguza polepole zaidi, na wagonjwa wao wengi hubaki na dozi ndogo ya miligramu 2.5 hadi 5 hata kwa miaka mitatu kuzuia ugonjwa usirudi. Anayepanga ni daktari wako. Mimi naandika hesabu hii uone kwamba kushuka ngazi kuna karibu wingi ule ule wa vidonge kama kuanza, na kwamba mtu anayenunua kwa siku tatu tatu ataishiwa katikati.

Fanya hivi. Chukua kalenda ya ukutani, ile yenye nyakati za sala. Andika kwa kalamu nyekundu idadi ya vidonge kwenye kila tarehe, mpaka mwisho. Ukimeza, kata mstari. Bibi mmoja wa Kikwajuni asiyejua kusoma alifanya zaidi ya hapo: alimwekea mumewe mbegu za ubuyu kwenye kikombe, mbegu moja kwa kila kidonge cha siku, na kila Ijumaa anatoa moja. Hakukosea hata siku moja.

Kosa kubwa kuliko yote: "Nimepona, naacha"

Juu ya figo zako zimekaa tezi mbili ndogo. Kazi yake mojawapo ni kutoa kotisoli, homoni inayoshikilia presha, sukari na nguvu za mwili, khasa ukiumwa au ukijeruhiwa. Ukileta prednisoloni kutoka nje kwa wiki kadhaa, tezi hizo zinafanya kama mlinzi aliyeletewa msaidizi: zinakwenda kulala. Ukimfukuza msaidizi usiku wa manane, mlango hauna mtu.

Ukikatisha ghafla, dalili ni hizi:

- kulegea kusiko kwa kawaida, mtu hawezi hata kufunga kanga;
- kizunguzungu ukisimama;
- kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo;
- presha kushuka, kisha kuzimia.

Familia nyingi huona hapo "ugonjwa umerudi", au husema dawa ndiyo iliyomdhuru. Wanamficha vidonge, na wanamzidishia. Akiwa hivi ni dharura: hospitali mara moja, na neno la kwanza mlangoni liwe "alikuwa kwenye steroidi, ameacha".

Beba karatasi mfukoni au kwenye mkoba: jina la dawa, dozi, tarehe ya kuanza. Ukipata ajali, ukitaka kung'olewa jino, ukipasuliwa, ukiugua malaria kali, watakaokupokea wajue kwamba mwili wako hautatoa kotisoli ya kutosha na huenda ukahitaji dozi ya ziada. Tahadhari hiyo iendelee miezi kadhaa hata baada ya kidonge cha mwisho.

"Si ndio ulevi huo, mwili kuzoea dawa?" Hapana. Mlevi hutamani. Wewe hutamani chochote. Tezi zako zinahitaji wakati wa kuamka, basi.

Wiki mbili za mwanzo ndani ya nyumba

Mjulisheni kila aliye nyumbani, kwa sababu mtu atabadilika.

Usingizi unapungua. Njaa inazidi. Wengine huchangamka kupita kiasi, wanaongea mpaka saa nane usiku, wanapanga kununua jahazi. Wengine hukasirika kwa neno dogo, au hulia. Wachache huona na kusikia visivyokuwepo. Katika nyumba zetu neno la kwanza hapo ni shetani, na safari ya kwanza ni kwa mganga. Sibishani na imani ya mtu. Nasema tu: kama alianza vidonge siku kumi zilizopita na leo anaongea na ukuta, anza kwa daktari. Dozi ikipunguzwa kwa utaratibu, hali hiyo kwa kawaida huondoka.

Sukari ina hila yake. Ukimeza asubuhi, sukari hupanda zaidi mchana na jioni, kisha alfajiri inaweza kuwa nzuri kabisa. Kwa hiyo anayepima kabla ya chai tu atajidanganya. Pima saa mbili baada ya chakula cha mchana, au kabla ya chakula cha usiku. Na kongosho lako tayari ni gonjwa. Wewe si wa kupima mara moja kwa mwezi.

Uso utajaa. Watakaokuona Mwanakwerekwe sokoni watasema "mashaallah, umenawiri". Itikia. Ukishuka ngazi za dozi utarudi ulivyokuwa.

Chakula

Hapa sina mengi, maana hakuna chakula kinachotibu ugonjwa huu.

- Punguza chumvi: ng'onda na papa mkavu viwe vya kuonja. Steroidi hushikilia chumvi na kupandisha presha.
- Halua, maji ya miwa, soda na chai ya sukari nyingi, weka mbali mpaka dozi iwe ndogo.
- Mifupa hudhoofika. Maziwa, mtindi, na dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao. Pia vidonge vya kalsiamu na vitamini D kama daktari ataandika.
- Urojo? Kula ukitaka. Ukikuchoma kifuani, acha.
- Sigara, na tambuu yenye tumbaku, ni adui wa kongosho bila mjadala.

Usichanganye na hivi

- Diklofenaki na jamaa zake wa maumivu. Pamoja na steroidi hutoboa tumbo. Kwa kichwa au mgongo, parasetamoli.
- Dozi ya TB yenye rifampisini hupunguza nguvu ya prednisoloni. Daktari lazima ajue, aongeze dozi.
- Chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano na ya surua. Mwenye safari aulize kabla hajachanjwa. Ya homa ya uti wa mgongo, wanayochanjwa mahujaji, haina virusi hai.
- Unga wa mitishamba usio na jina wala orodha ya vilivyomo. Wapo wauzaji wanaosagia steroidi humo ili dawa "ionekane inafanya kazi". Utakuwa unameza dozi usiyoijua.

Kombe la zafarani, habasoda kidogo kwenye asali? Sina ugomvi navyo, ila asali ihesabiwe kama sukari.

Choo chenye mafuta, na suala la nguruwe

Baadhi ya wagonjwa kongosho lao halitoi tena vimeng'enya vya kutosha. Choo kinakuwa kingi, kinaelea, kinanuka vibaya na kinang'ara kwa mafuta, na mtu anakonda huku anakula. Dawa yake ni vidonge vya vimeng'enya, vinavyomezwa pamoja na kila mlo, si kabla na si baada.

Vidonge hivyo hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Nakwambia wazi kwa sababu wapo wanaogundua wenyewe kwenye boksi, wanatupa dawa jaani na hawasemi kwa mtu. Mimi si mufti. Ninachojua ni kwamba wanazuoni wana mlango wa dharura pale mgonjwa anapohitaji na mbadala wa halali wenye nguvu ile ile haupatikani. Mwambie daktari akuandikie kwa maneno mepesi: unahitaji kiasi gani, mbadala upo au haupo, usipotumia itakuwaje. Nenda na karatasi hiyo kwa shekhe unayemwamini au Ofisi ya Mufti. Jibu utakalopewa utalifuata kwa moyo uliotulia.

Safari ya baharini

Vidonge vikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na vya siku tano za ziada. Boti hufutwa upepo wa kusi ukichafuka. Kama bahari hukutapisha, na khasa kama unavuka mkondo wa Nungwi kwenda Pemba, meza dozi mapema nyumbani ili ipate saa nzima tumboni kabla ya kung'oa nanga.

Ugonjwa ukirudi

Katika aina ya IgG4, takriban mmoja kati ya watatu hurudiwa baada ya kumaliza dozi. Katika aina ya pili ni chini ya mmoja kati ya kumi. Kurudi si kushindwa kwako wala hasadi ya mtu. Kwa kawaida steroidi hufanya kazi tena, na zipo dawa nyingine za kulaza kinga kama azathioprini na ritukisimabu kwa wanaorudiwa mara kwa mara. Mwaka wa kwanza nenda kliniki hata ukiwa mzima, na jitazame macho kwenye kioo mchana, si kwa taa.

Usingoje asubuhi ukiona

- homa, khasa ya kutetemeka, kwa kuwa steroidi huficha homa na kidogo unachokiona ni kikubwa;
- choo cheusi kama lami, au kutapika damu;
- kiu isiyoisha na mkojo mwingi;
- macho kurudi manjano;
- kupumua kwa shida pamoja na vipele vinavyotambaa kiunoni au tumboni, dalili ya strongiloidi;
- tetekuwanga nyumbani, na wewe hujawahi kuumwa.

Vilivyobaki

Daktari akibadilisha mpango, utabaki na vidonge. Mlango wako utapigwa hodi, naahidi. Atakuja shoga wa binti yako anayeolewa mwezi ujao, kasikia kuna vidonge vidogo vyeupe vinavyojaza mashavu na nyonga. Ndivyo hivi, na deksamethasoni ni jamaa yake. Hajapimwa sukari, hajapimwa ini, wala hana kalenda yenye kalamu nyekundu, na baada ya harusi ataacha siku moja kwa mpigo. Mkaribishe chai, mpe na mandazi. Vidonge vifunge kwenye karatasi uvirudishe dukani.